Kipimo cha Damu na Noeli ya Mwaka 2020

Juu ya kabati la vitabu vyetu lipo sanduku tupu la chaki, na ndani yake mna kipande cheupe cha plastiki, kirefu kama kidole. Katikati yake pana dirisha jembamba, na kando ya dirisha hilo zimeandikwa herufi tatu: C, G na M. Wageni wanaokiona hudhani ya kuwa ni kipimo cha malaria ambacho mtoto wetu amekiokota hospitalini. Nasi hatuwasahihishi daima. Leo twataka kuwaeleza ninyi jinsi kilivyoingia nyumbani mwetu, kwa maana vipimo vya namna hiyo vyatumika kwa magonjwa mengi, na watu wenye akili timamu wangali wanaviuliza maswali ambayo haviwezi kuyajibu.

Tarehe 18 Desemba 2020 shule zote za Kongo zilifungwa kwa amri ya serikali, kwa sababu ugonjwa wa Korona ulikuwa umeinuka tena. Sisi twafundisha Bukavu. Siku ya Dominika, tarehe 20, kichwa kilituuma, na viungo vikawa kama vya mtu aliyebeba mizigo tangu asubuhi. Kesho yake mama wa watoto wetu alikuwa akikaanga kahawa uani; akaitwa na jirani, kahawa ikaungua ikawa makaa, na moshi ukaingia hata chumbani tulimokuwa tumeketi. Watoto wakakimbia nje wakikohoa. Sisi tuliuona moshi kwa macho, lakini harufu yake hatukuisikia hata kidogo. Tukacheka. Tukasema mafua yametuziba pua.

Tulikuwa tumekwisha kuahidi kwenda kijijini kwa Noeli. Baba yetu alikuwa na umri wa miaka 74, naye alikaa na mjukuu mmoja tu tangu mama yetu alipofariki, katika kijiji cha upande wa Walungu. Hatukuwa watu wasio na dhamiri. Tulijua ya kwamba ugonjwa ule uliwaonea hasa wazee. Basi Jumanne tuliingia katika duka la dawa, tukamwambia mwuzaji hofu yetu. Akatuonyesha kisanduku kizuri kilichofungwa vema. Akatuchoma kidole, akadondosha tone la damu penye kitundu, akaongeza matone mawili ya maji ya dawa, kisha akatuambia tungoje dakika kumi na tano. Ukatokea mstari mmoja mwekundu mbele ya herufi C, ambao hutokea daima ili kuonyesha kwamba kipimo ni kizima. Mbele ya G na M hapakutokea kitu. Yule mwuzaji akatabasamu, akasema, «Mwalimu, damu yako ni safi. Nenda ukamsalimu mzee.»

Kwa nini tulimsadiki upesi hivyo? Kwanza, kwa sababu tulipenda kumsadiki. Tena, mkumbuke jinsi kipimo cha malaria kinavyofanywa katika kila zahanati huku kwetu: kidole huchomwa, damu hudondoshwa, mistari hutazamwa. Umbo ni lile lile, sindano ni ile ile, hata dakika zakaribiana. Lakini kipimo cha malaria chatafuta kitu cha mdudu mwenyewe, yaani protini ambayo kijidudu cha malaria huitoa katika damu ya mgonjwa. Kwa hiyo mdudu akiwamo kwa wingi, kipimo humwona siku ile ile ya homa. Kile cha kwetu hakikutafuta virusi hata chembe. Kilitafuta majibu ya mwili wetu kwa virusi, nayo majibu hayo yalikuwa hayajatungwa bado.

Na jambo linalotuaibisha zaidi ni hili. Katika kisanduku kile mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, nasi tuliisoma njiani. Iliandikwa kwa Kifaransa, na katika mstari wa kwanza lilikuwamo neno linalomaanisha kingamwili. Neno hilo si geni kwetu. Kila mwaka twaliandika ubaoni, twawaagiza wanafunzi walinakili na kulijua kwa moyo: kingamwili ni protini ambazo mwili huzifanya ili kushika na kuzuia kitu kigeni kilichoingia. Mwanafunzi akisahau neno «protini» twampunguzia alama. Siku ile tulilisoma, tukalielewa, tukaikunja karatasi, tukaitia mfukoni.

Jioni mama wa watoto alituuliza, «Baba watoto, si afadhali tungoje hata mwaka mpya?» Tukamjibu ya kwamba damu imepimwa. Hakusema tena.

Tulifika kijijini Jumatano tarehe 23. Siku za Noeli katika Bushi hazihitaji kuelezwa: watu huingia na kutoka, kasiksi huzunguka, kila mmoja ataka kujua habari za mji. Jirani wa baba yetu, mzee mwenzake tangu ujana, alikuja kila jioni kuketi karibu nasi kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito. Ilitupasa kumwambia kila neno sikioni. Tarehe 26 tukarudi Bukavu. Kichwa kilikuwa kimekwisha kupona.

Tarehe 29 mjukuu alitupigia simu: babu ana homa. Tarehe 2 Januari akaletwa hospitalini, akihema kama mtu aliyepanda mlima, akawekewa oksijeni. Huko walimpima kwa kijiti kinachoingizwa puani, wakavikuta virusi vyenyewe. Naye mzee jirani aliugua vilevile, lakini hakuletwa. Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Januari, akazikwa bila kupimwa.

Mganga aliyemtunza baba yetu alikuwa kijana, pengine mdogo wetu kwa umri. Alipotuuliza kama tulikuwa na dalili kabla ya safari, tukamtolea kile kipande cha plastiki kama mtu anayetoa cheti. Akakitazama, akatuuliza, «Uliugua siku gani? Ulipimwa siku gani?» Tukahesabu: dalili Dominika, kipimo Jumanne. Hakutugombeza. Alikwenda kutafuta kipimo cha namna ile ile, ambacho hospitali ilikuwa nacho kwa kazi nyingine, akatuchoma kidole cha pili. Ilikuwa tarehe 6 Januari, siku ya kumi na saba tangu kichwa kituume. Ikatokea mistari mitatu, miekundu, mipana, pasipo shaka. Akasema, «Kipimo ni kile kile. Damu yako ndiyo iliyobadilika.»

Hapo akatueleza mambo ambayo tulikuwa tukiyafundisha bila kuyaishi. Virusi vinapoingia, mwili haungoji. Hujitetea mara moja kwa silaha za jumla, homa ikiwa mojawapo. Lakini kingamwili ni silaha ya kupimiwa, kama vazi linaloshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Chembe nyeupe za damu zinazoweza kuifanya ni chache mno mwanzoni. Sharti ile moja inayofaa ikutane na adui, ijigawe mara nyingi, ndipo itoe kazi yake kwa wingi. Kazi hiyo hudumu siku nyingi, mara nyingi juma zima au zaidi. Kwa desturi huanza kuonekana kingamwili za namna ya M, zifanywazo kwa haraka na zisizokaa muda mrefu. Zikafuatwa na za namna ya G, zishikazo kwa nguvu zaidi na kudumu miezi au miaka. Katika Korona hata utaratibu huo hauonekani vema, maana namna mbili hizo hutokea karibu pamoja.

Basi lililo baya ni hili: mwenye Korona huambukiza wengine kwa nguvu zaidi katika siku mbili hivi kabla ya dalili na siku chache za kwanza za dalili. Ndizo siku ambazo kipimo cha kingamwili ni kipofu. Kikifumbua macho, mgonjwa wa kawaida aliyekwisha kupita siku kumi hawezi tena kumwambukiza mtu kwa urahisi. Mtu aliyekitumia kama sisi hukaribishwa kwa mikono miwili akiwa hatari, na pengine hufungiwa nyumbani akiwa hana hatari tena.

Tungependa kusema ya kwamba jambo hilo lilikuwa halijajulikana. Lilijulikana. Tarehe 8 Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuandika kwamba vipimo vya haraka vya kingamwili visitumiwe kuamua juu ya mgonjwa, bali katika utafiti tu. Mwezi wa Juni mwaka ule ule wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima tafiti za wengine, walitoa hesabu: katika juma la kwanza tangu dalili kuanza, vipimo vya kingamwili viliwatambua wagonjwa 30 tu katika 100, katika juma la pili, 72, katika juma la tatu, 91. Sisi tulipimwa siku ya tatu. Katika wagonjwa 100 wa juma letu, 70 wangeambiwa maneno yale yale tuliyoambiwa. Wala si watu wa Bukavu peke yao waliokosea. Uingereza, nchi yenye mali na vyuo vikuu vikubwa, iliagiza mamilioni ya vipimo hivyo mapema mwaka 2020, kisha wataalamu wa Oxford walipovijaribu hawakupata hata kimoja kilichofaa kwa kazi iliyokusudiwa.

Baba yetu alipoanza kupata pumzi, alitaka kujua kwa nini kidole kimoja kilisema hapana na cha pili kikasema ndiyo. Tukamweleza kwa mifano ya darasani, chembe na protini. Alisikiliza kwa heshima, kama watu wa umri wake wanavyomsikiliza mwalimu. Kisha akasema, «Mwanangu, mwizi akiingia katika migomba usiku, nami nikapiga yowe, majirani hutoka na fimbo. Lakini hufika mwizi akiwa amekwisha kubeba mkungu. Wewe ulichungulia uani, ukaona hapana watu wenye fimbo, ukasema hapana mwizi.» Akapumzika kidogo, maana maneno yalimchosha. «Na kesho asubuhi ukiwaona wamejaa uani, usiseme mwizi yumo. Pengine wangali wanazungumza tu habari za jana.»

Tangu siku ile twatumia mfano huo darasani, nao wanafunzi wanauelewa kuliko maelezo ya kitabu.

Sehemu ile ya pili ya maneno ya mzee yastahili kufikiriwa zaidi, kwa maana watu wengi hulikumbuka kosa la kupima mapema na kulisahau lile la kinyume chake. Kingamwili za G zikipatikana, zasema tu kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi fulani. Hazisemi ni juma lililopita au ni utotoni. Mtu mwenye homa leo aweza kuwa na kingamwili za ugonjwa wa mwaka jana, na homa yake ya leo ikawa malaria. Wakimtibu kwa ajili ya mistari, malaria itaendelea. Hata zile za M, ambazo wengi huzitegemea kuwa ishara ya ugonjwa mpya, mara nyingine hukaa miezi, mara nyingine hujitokeza kwa bure kwa sababu ya ugonjwa mwingine, na mara nyingine hutokana na chanjo. Mtu aliyechanjwa karibuni juu ya homa ya manjano, akiugua homa nyingine na kupimwa, damu yake yaweza kusema «homa ya manjano» bila kuwapo ugonjwa.

Ni desturi hii hii tunayoiona katika miji yetu kwa kipimo cha homa ya matumbo kilichotungwa na Mfaransa Widal mwaka 1896. Ugonjwa huo si wa virusi, twajua, lakini kosa ni moja. Nani katika sisi hakuwahi kuwa na homa, akachomwa mara moja tu, akaambiwa ana homa ya matumbo, akanunua dawa za siku kumi? Walimu wenzetu watano waliambiwa hivyo katika muhula mmoja! Twaogopa kwamba wengi wetu tulitibiwa kumbukumbu za damu yetu.

Hata hivyo, tusiwe kama mtoto aliyeumwa na nyuki akachukia asali. Kuna magonjwa ambayo kingamwili huyatambua vizuri, ikiwa mtu ajua lini aulize. Surua ni mfano mwema. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 hata mwaka 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto, na kulikuwa na familia ambazo habari za Korona ziliwakuta wangali katika kilio cha surua. Vipele vya surua hutokea yapata siku kumi na nne baada ya mtoto kuambukizwa. Navyo ni alama kwamba mwili umekwisha kuanza kupigana. Kwa hiyo damu inayochukuliwa mtoto akiwa na vipele huwa na kingamwili za M katika wagonjwa walio wengi. Tena hapo waganga wenyewe hujihadhari: jibu likiwa hapana, na vipele havijapata siku tatu, hurudia kuchukua damu. Sababu ni ile ile ya migomba ya baba yetu.

Katika siku za zamani, kabla ya mashine za leo, waganga walikuwa na njia nyingine ya uangalifu ambayo sisi twaipenda kwa unyofu wake. Walichukua damu ya mgonjwa mara mbili: ya kwanza alipoingia, ya pili baada ya majuma mawili au matatu. Wakazipima pamoja siku moja, mezani pamoja. Kingamwili zikiwa zimeongezeka mara nne au zaidi, walijua kwamba vita vilipiganwa kati ya damu ya kwanza na ya pili. Zikiwa sawa, walijua ni habari za kale. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilimkuta mgonjwa amepona au amezikwa. Ndiyo maana kwa ugonjwa unaokwenda haraka watu walitafuta njia ya kuviona virusi vyenyewe.

Na Kongo yetu yajua zaidi ya nchi nyingi maana ya ugonjwa unaokwenda haraka. Mwaka 1976, katika misioni ya Yambuku, ugonjwa usio na jina uliwashika watu 318, wakafa 280, na masista wa hospitali wakiwamo. Ndio ulioitwa Ebola, kwa jina la mto. Wataalamu waliochunguza Ebola baadaye waligundua jambo la kutisha: wengi wa wale wanaokufa hufa mwili wao ukiwa haujafanya kingamwili za kuonekana, au umefanya chache mno. Basi kipimo cha kingamwili kingemwambia aliye karibu kufa kwamba hana kitu, na kumwambia aliyekwisha kupona kwamba anayo Ebola. Kwa hiyo katika mlipuko mkubwa wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, ambao uliua watu 2,287, wagonjwa walitambuliwa kwa mashine zilizotafuta chembe za urithi za virusi, nazo zilitoa jibu kwa muda wa saa chache. Hata mashine hizo hazikupewa imani yote. Mtu aliyepimwa mapema sana baada ya homa kuanza, akaonekana hana virusi, alizuiliwa na kupimwa tena kabla ya kuruhusiwa kwenda. Tulipolisoma jambo hilo tulikumbuka haraka yetu ya dakika kumi na tano.

Lakini sikilizeni na upande wa pili wa habari hii. Mwaka 1995 Ebola iliwashika watu 315 mjini Kikwit. Mmoja wa waliopona alikubali, miaka kumi na moja baadaye, kutoa damu yake. Miaka kumi na moja! Na chembe za damu yake zilikuwa bado zinakumbuka. Kutoka kwa kumbukumbu hiyo wataalamu, na Profesa Muyembe wetu wa Kinshasa pamoja nao, walipata kingamwili moja, wakaifanya dawa. Nayo ilijaribiwa katika mlipuko ule wa Kivu ya Kaskazini, na ikaokoa watu kuliko dawa nyingine mbili zilizojaribiwa pamoja nayo. Mwezi wa Desemba 2020, katika majuma yale yale tuliyokuwa tukijidanganya kwa kipande cha plastiki, Marekani iliithibitisha dawa hiyo. Kitu kile kile kilichotupoteza sisi, mahali pengine kiliokoa watu. Kilitofautiana tu kwa swali kiliyoulizwa.

Baba yetu alitoka hospitalini tarehe 18 Januari. Yungali hai, lakini hapandi tena hata shamba la juu. Huketi chini ya mwavocado na kuwaamuru wajukuu. Mdogo wetu, anayefanya kazi Goma, alikuja kumwona, na baada ya chakula akatuambia mbele ya wote, «Mkubwa wangu, ni wewe uliyemletea baba ugonjwa, na mzee wa jirani ni wewe uliyemwua.» Mama wa watoto alitaka kujibu, tukamzuia.

Je, ni kweli? Tulimwuliza yule mganga kama damu yaweza kutueleza. Alituambia kwa upole kwamba haiwezi. Kingamwili za baba yetu zasema alikutana na virusi. Zetu zasema sisi nasi tulikutana navyo. Hazisemi vilipita mkononi mwa nani. Tena tukapata habari kwamba tarehe 19 Desemba, kabla ya sisi kufika, wazee wote wawili walikuwa katika arusi iliyojaa wageni waliotoka mjini. Baba aliugua siku ya sita baada ya sisi kufika, na siku ya kumi baada ya arusi. Hesabu zote mbili zawezekana kwa ugonjwa huo. Kuna nyakati za usiku ambapo twaikubali ile ya arusi kwa furaha kubwa, na hapo ndipo tunapojishuku zaidi, kwa kuwa twajua jinsi tulivyolipokea jibu la dukani.

Mjane wa mzee yule angali akikaa kando ya nyumba ya baba yetu. Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi tulimsalimu, tukamletea sukari na sabuni, tukakaa kidogo, tukaondoka. Katika likizo ya Pasaka ya mwaka 2022 tulichukua kile kipande cha plastiki, tukaenda kwake jioni, tukamweleza yote: kichwa, moshi wa kahawa, duka la dawa, karatasi tuliyoisoma na kuikunja, na arusi pia. Hakukatiza hata mara moja. Tulipomaliza, alikichukua kile kipimo, akakisogeza karibu na taa, akakigeuzageuza.

Akauliza, «Mwalimu, huu mstari mmoja ndio uliosema huna kitu?»

Tukamjibu, «Ndiyo, mama. Ndio huo.»

Akaurudisha mkononi mwetu. «Mzee alikupenda kwa sababu ulimwambia maneno sikioni. Wengine walichoka kumpigia kelele.» Akainuka, akaingia jikoni, akatutolea maharage mabichi katika kikapu, akasema tuwapelekee watoto kabla giza halijaingia, maana njia ya kushuka ilikuwa na utelezi.